Grupu la Mama Sweta

Tangu mkewe afariki, fundi zipu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya siku zote: kukaa kwenye kibanda chake chini ya ngazi za jengo la maduka, aking'oa zipu zilizokufa kwenye mikoba na mabegi ya shule na kushona mpya. Ya pili ni kuchaji simu ya marehemu. Hakuwa akiitumia, wala hakuwa akiifungua. Aliichomeka tu kila asubuhi nyuma ya kiti, akaichungulia mpaka ijae, kisha akairudisha kwenye droo ya nyuzi.

Marehemu alikuwa akiuza sweta za watoto kibanda cha jirani, na jengo zima lilimwita Mama Sweta. Lakini ukubwa wake haukuwa kwenye sweta. Yeye ndiye aliyeanzisha grupu la simu la wauzaji wa jengo lile, akawaingiza wateja mmoja mmoja, kila anayenunua hata soksi anaombwa namba, mpaka mtu wa upande wa pili wa mji akawa anachagua gauni akiwa amelala kitandani. Mumewe naye alimwingiza, kwa nguvu, ingawa hakuwahi kuandika neno humo.

Watu ni watu, na grupu lilipojaa likaanza kuoza. Huyu analeta dawa ya vidonda vya tumbo, yule anatuma dua ya kusambaza kwa watu kumi la sivyo balaa likushukie, mwingine anaapa kuna kampuni inagawa bando bure, bonyeza hapa. Mama Sweta akaweka utaratibu. Asubuhi anafungua, watu wanaposti, wanaulizana bei. Jioni anafunga, na akishafunga hakuna awezaye kuandika ila yeye, maana ndiye admini peke yake. "Nimefunga. Kaleni na watoto wenu," alikuwa akisema kwa sauti ile ya kukwaruza kidogo, na hakuna aliyebisha.

Jioni moja akafunga hivyo hivyo, akapelekwa hospitali, asirudi kufungua.

Habari ya hospitali fundi hakupenda kuianza, kwa sababu akiianza hakujua kuimaliza. Waliambiwa walipe kwanza, na malipo ni kwa simu tu, halafu mtandao ukawa umelala, wakakaa kwenye benchi wakingoja mtandao uamke. Wakubwa walioamua kuondoa dirisha la keshia hawakuwa kwenye benchi lile. Wakubwa hawakai kwenye mabenchi. Wao huzindua, hukata utepe, hupigwa picha, kisha huenda kutibiwa penye madirisha.

Basi grupu likabaki limefungwa, kama duka ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu aliyezikwa.

Mwenyekiti wa jengo ndiye aliyekuja kwanza kuulizia ufunguo huo. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kola inakata.

"Mzee wangu, habari za kazi."

"Kazi ipo. Naona hujaleta zipu, umeleta tabasamu. Sema."

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Ni lile grupu, mzee. Watu wamekwama. Tunaomba uingie kwenye simu ya marehemu unifanye mimi admini, mambo yaende. Hata mwenyewe angependa."

"Alikwambia lini?"

"Ah, mzee."

"Haya, ukishakuwa admini utaanzia wapi?"

"Tutasafisha kwanza. Namba zisizotumika tunazitoa. Halafu kila anayeposti atachangia kidogo, kitu cha uendeshaji."

Hilo la kuchangia fundi alilitegemea, angeshangaa lisingekuwepo. Lililomchoma ni la kusafisha. Namba isiyotumika ilikuwa moja, na ilikuwa kwenye droo yake, imejaa chaji.

"Hizi ngazi taa imekufa siku nyingi, mwenyekiti. Watu wanashuka wanapapasa ukuta. Safisha hapo kwanza."

"Mzee, simu ni yako. Lakini grupu ni la watu."

"Na mke alikuwa wa nani?"

Mwenyekiti aliondoka akijipangusa suruali, ingawa hakuwa amekaa popote.

Aliyekuja wa pili hakutabasamu. Alikuwa fundi cherehani wa kibanda cha mkabala, shoga wa marehemu, mwanamke aliyevaa futi ya kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Alivuta ndoo tupu akaikalia.

"Shemeji, mimi sitakuzunguka."

"Usinizunguke."

"Pale kwangu sare zimejaa mpaka sina pa kuweka mguu. Zamani ningepiga picha asubuhi, mchana zimeisha. Sasa naposti wapi? Nimkimbilie mpita njia nimvalishe?"

"Yule anataka kumfuta mke wangu."

"Najua anachotaka. Nani kakwambia umpe yeye? Nipe mimi. Mimi nitamfuta? Mimi niliyemshika miguu wakati wa kumvisha sanda?"

Fundi akachukua koleo, akalirudisha.

"Mwenyewe alikuwa hawezi kuona grupu limefungwa saa za kazi," mwanamke akaendelea, taratibu sasa. "Aliumwa jino siku ile, shavu limevimba hivi, na bado alifungua. Wewe umekaa unamtunzia kufuli. Umechoka, shemeji, naona. Hata sisi tumechoka."

Alisimama bila kungoja jibu, maana mteja alikuwa amefika kwake. Fundi akabaki anaitazama ile droo. Kilichomtisha hakikuwa mwenyekiti wala nani. Kilichomtisha ni kwamba mle ndani mkewe bado alikuwa admini. Makaburini alikuwa namba kwenye kibao, kwenye karatasi za serikali alikuwa marehemu, lakini mle ndani bado alikuwa mkubwa wa watu, na hakuna aliyeweza kusema neno mpaka aruhusu. Ni pahali pamoja tu palipobaki hivyo. Na sasa shoga yake mwenyewe anasema panamuumiza mtu.

Akaivuta droo.

"Shemeji," aliita ng'ambo ya korido. "Nabonyeza wapi?"

Fundi cherehani alikuwa ameshika pini midomoni, anampima mteja kiuno. Akazitema kiganjani. "Ingia kwenye grupu. Gusa jina pale juu. Shuka chini utaona majina, tafuta langu. Ligandamize mpaka lilete maneno. Ningoje nimalize nije?"

"Nitaweza."

Hakutaka kidole kingine kwenye kioo kile. Lakini vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeota sugu ya koleo, kioo kilikuwa kinavisikia kinapotaka. Aligusa jina. Akashuka. Majina yakapita mbio, akayapita yote, akafika chini kabisa penye maandishi mekundu. Akagandamiza ili yasimame. Simu ikamuuliza kama ana uhakika.

Hapo ndipo alipokosea, na si yeye peke yake aliyefundishwa kukosea namna hiyo. Siku hizi kila kitu kinakuuliza kama una uhakika, kama umekubali, kama umesoma masharti, na ukisema hapana hupewi umeme, hupewi dawa, hupewi hata risiti. Mtu wa kawaida amezoea kukubali kwanza, kusoma baadaye au asisome kabisa. Fundi akabonyeza ndiyo.

Pale chini ukatokea mstari mdogo wa kijivu.

Fundi cherehani alichungulia simu yake kuona kama amepewa cheo. Mteja wake akamuuliza kama kiuno kimezidi.

"Shemeji," alisema. "Umemtoa."

"Nimetoa nani?"

"Mama Sweta ametoka. Imeandikwa hapa."

Fundi aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenyekiti angemtoa kwa amri, angalau angekuwa na wa kumlaumu. Hiki alikuwa amekitenda kwa kidole chake, mchana kweupe.

"Nani admini sasa?" aliuliza mwishowe.

"Simu imejichagulia yenyewe mtu yeyote. Subiri." Mwanamke alivuka korido, mteja kamwacha na pini kiunoni. "Huyu hapa, mwenye picha ya paka. Mteja tu. Simjui."

"Hata humo wakubwa wanawekwa, watu hawaulizwi," fundi akasema.

Mwanamke akampigia yule mwenye paka, akaweka spika. Nyuma ya sauti kulisikika sufuria na mtoto analia.

"Mimi? Admini wa nini? Mimi nilinunua sweta moja tu, dada."

"Hiyo hiyo sweta moja imekupa cheo. Fuata ninavyokwambia, tufungulie tuandike."

Wakahangaika naye kidogo, huyu anasema shuka, yule anasema nimeshuka, mtoto anazidi kulia. Mara ikafunguka. Simu ya fundi cherehani ikaanza kutetemeka haikomi, na ng'ambo mlangoni mwa kibanda cha mikanda mtu akapiga mluzi wa furaha. Picha za viatu zikaingia, za magauni, za mashuka. Katikati yake wakaingia wateja.

Fundi cherehani alianza kuwasoma kwa sauti, kisha sauti ikapungua. "Mama Sweta mbona umetukimbia?" Mwingine: "Ulifunga ukalala mazima, na leo unatoka bila kuaga?" Mwingine: "Mama, ile ya bluu ya mwanangu ulisema utaniwekea, nangoja mpaka leo."

"Hawajui," fundi akasema.

"Wangejuaje, shemeji? Nani angewaambia, pamefungwa."

Hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Alidhani ulimwengu wote unajua, maana yeye alikuwa anajua kila dakika. Wale watu walikuwa wamekaa muda wote huo mbele ya mlango uliofungwa, wakidhani mwenye duka amewanunia.

Yule mwenye paka bado alikuwa hewani. "Dada, huyu aliyetoka, namba yake bado naiona. Nimrudishe?"

Fundi cherehani alifunika simu kwa kiganja, akamtazama shemeji yake.

Fundi akaitoa simu yake mwenyewe mfukoni, ile ya kioo kilichopasuka. Akagandamiza alama ya kinasa sauti, kidole kikateleza, ikaenda nusu: "Mimi ni mume wa—" Akagandamiza tena, safari hii kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anafunga zipu ya begi lililojaa.

"Mimi ni mume wake. Mama Sweta hajawakimbia. Alifariki. Ile ya bluu ipo, njoo kwangu chini ya ngazi, uje na tochi."

Akaachia.

"Mwambie asimrudishe," alimwambia mwanamke. "Akirudi watamtuma kazi."

Begi la shule lilikuwa bado magotini, limeachama mdomo. Akalivuta karibu na kuanza kung'oa meno ya zipu, moja moja, huku simu yake ikitetemeka mezani na yeye haigusi.