Hakuna Mgonjwa

Kila Jumapili jioni, dada wa kikundi cha maombi walipokutana Voi, Wakesho alisimama kushuhudia, na kila mara ushuhuda ulikuwa uleule. "Bwana asifiwe. Zamani nilikuwa mtumwa wa woga. Leo siogopi kinyongo cha mtu yeyote." Dada hao walipiga makofi mpaka vitoto vilivyolala mikekani vikaamka. Wengine walikuwa wameuzoea ushuhuda wenyewe kiasi cha kuitikia amina kabla hajafika mwisho.

Na kila neno lilikuwa kweli. Wakesho alikulia Mghange, ambako siku hizo mtoto akiugua, swali la kwanza lilikuwa nani ana kinyongo naye. Kinyongo cha baba ndicho kilichoogopwa zaidi. Mgonjwa alipelekwa kwake, naye baba akapiga funda la pombe ya miwa na kulipuliza, huku akitamka maneno ya kutoa uchungu wote moyoni mwake.

Alipookoka, woga huo ulimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alilala bila kuwaza ni nani amemkasirikia, na alivyoshukuru! Hata akifua nguo alijikuta anaimba. Kisha mwanawe Noah akashikwa na homa kali. Mzee Mwandawiro, baba yake Wakesho, akatengeneza pombe, akatuma mtu kusema mtoto apelekwe kwake Mghange, mlimani. Wakesho akajibu kwamba yeye ameokoka, haji. Noah akapona kwa dawa na maombi. Mzee naye akanyamaza, na miaka ikapita akiwa kimya vivyo hivyo.

Hapo ndipo palipomuuma. Wakesho hakumwogopa baba tena, lakini alikuwa na hamu naye, hamu ya kumkosesha usingizi. Alikumbuka kikohozi chake cha alfajiri, na jinsi alivyomenya muwa akampa yeye kipande cha chini, kile kitamu. Dada wa kikundi walimwambia Yesu anatosha. Aliitikia amina, akaenda kulilia jikoni.

Asubuhi moja alimwachia mumewe, Stephen, watoto, akapanda basi la Wundanyi, akamalizia mlima kwa miguu. Alimkuta mzee peke yake uani, akipukuchua maharagwe. Mzee alipomwona aliinuka kwa shida, uso umembadilika.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, baba."

"Usinifiche. Ni Noah?"

"Noah mzima. Anacheza mpira mpaka anasahau kula."

"Basi ni Stephen. Ama ni wewe."

"Sote wazima, baba."

Mzee akamkazia macho. "Sasa umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Nilikuwa na hamu na wewe."

Mzee akakaa taratibu. Tangu watoto wake waoe na kuolewa, hakuna aliyewahi kuupanda mlima ule bila mgonjwa. Alishika ganda la maharagwe, akalisahau mkononi.

"Siku ile ulipokataa kuja nilikasirika sana," akasema. "Halafu nikasikia mtoto amepona bila mimi. Nilishukuru, Wakesho. Nikaona haya kukuambia."

"Haya ya nini, baba?"

"Nyinyi mlikuwa mnaogopa kinyongo changu. Mimi nilikiogopa kuwashinda. Kila mkiniletea mtoto napuliza, natamka maneno mazuri, na ndani najiuliza, je, kama kimebaki kidogo? Dada yako Mghoi alifia mikononi mwangu. Nilipuliza mpaka kinywa kikakauka. Mpaka leo sijui ni uchungu gani niliousahau moyoni."

Miaka yote aliyosimama kushuhudia juu ya woga, Wakesho hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba baba naye anaogopa.

"Hukumuua wewe, baba. Ilikuwa homa."

Mzee aliliweka chini lile ganda, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa:

"Huyo aliyekutua wewe mzigo wa woga, mtu akiwa mzee hivi, bado anamtua?"

Wakesho alipiga magoti palepale kwenye maganda, akaikumbatia miguu ya baba yake, akaitikia ndiyo kwa kichwa, tena na tena.