Jina la Mafaili Yote

Ijumaa ile kampuni ya bima ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya juma, na ndani ya chumba cha kompyuta kuu walikuwamo watu wanne tu, wote wamevaa makoti kwa ajili ya baridi ya viyoyozi. Nje, Aleksandria ilikuwa ikinyeshewa tangu alfajiri. Madam Ulfat alikuwa mbele ya skrini, miwani imemshuka puani, akijibu maswali.

Kusakinisha programu kwenye mashine kubwa namna ile si kazi ya kubonyeza mara moja ukaenda zako. Programu ya usakinishaji inakuhoji. Inataka kujua diski zipi zitumike, nani aruhusiwe kuingia, nani azuiwe. Ukijibu vibaya inakurudisha nyuma, na ukijibu vizuri inakuletea swali jingine. Shauki, mmoja wa waendesha mitambo, alikwisha kuipa jina: Mama Mkwe.

"Sasa anataka nini tena?" Shauki aliuliza, mikono kwapani.

"Anauliza diski za akiba tumeziweka wapi."

"Bado kidogo atauliza mahari. Mjibu vizuri, Madam, asije akasema tumetoka ukoo mbaya."

Ulfat alicheka. Alimpenda Shauki kwa mizaha yake, na pia kwa kuwa kila asubuhi alimsogezea kiti mbali na upepo wa kiyoyozi bila kuambiwa. Akabonyeza kitufe, na ukurasa mwingine ukafunguka, herufi za kijani juu ya weusi.

Huo ndio ukurasa aliokuwa akiuogopa wiki nzima.

Mama Mkwe aliuliza: mafaili yote ya mfumo huu yatanguliwe na jina gani? Na kwa kuwa programu ile hukumbuka majibu ya usakinishaji uliopita, ilikwisha kujijazia yenyewe. Kwenye nafasi ya jibu paliandikwa NESMA.

"Hapo ndipo penyewe," alisema Ihab kutoka nyuma yake. "Futa hilo, Madam, uweke ALX1."

Mhandisi Ihab alikuwa mkuu mpya wa kitengo, kijana mpole aliyeletwa kutoka Kairo baada ya kampuni mbili kuunganishwa. Agizo la makao makuu lilikuwa wazi: matawi yote yafuate utaratibu mmoja wa majina, na la Aleksandria liwe ALX1. Hakuna aliyekuwa na ubaya na mtu.

Ulfat aliweka vidole juu ya kibodi, akaviacha hapo.

Jina lile alilichapa mwenyewe, zaidi ya miaka ishirini nyuma, toleo la kwanza lilipoletwa kwenye kanda za sumaku. Binti yake, Nesma, alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Alikuwa na miaka saba, na moyo wake ulikuwa na tundu ambalo madaktari walichelewa kuliona. Ulfat alikuwa amerudi kazini kwa sababu nyumbani hapakukalika. Alikuwa akijibu maswali kama mtu anayetembea usingizini, na programu ilipomuuliza jina, vidole vikaandika jina pekee lililokuwamo kichwani. Hata hakujua amelichapa mpaka alipoliona limejipanga mbele ya mafaili yote. Wafanyakazi wenzake, ambao hawakulijua jina la mtoto, walidhani amelichagua kwa sababu ya upepo baridi wa chumba kile, kwani kwa Kiarabu nesma ni upepo mwanana, nao wakaliona zuri.

Nyumbani jina hilo halikutajwa. Rifaat, mumewe, alikuwa amejifungia chumbani siku tatu baada ya mazishi, na alipotoka, mtu akilitaja aliinuka na kuondoka. Basi ndugu wakaacha kulitaja, majirani wakaacha, na Ulfat naye akaacha, kwa kumhurumia. Hata picha aliziweka juu ya kabati.

Lakini kazini, kutwa nzima, watu waliliita. Waliliita kwa sauti, toka mlango hadi mlango, bila kujua.

"Nesma kashiba leo, diski zimejaa!"

"Nesma kaamkaje?"

"Kaamka vizuri, anafanya kazi kama punda."

Na kazi ilipokatika katikati, kama zinavyokatika kazi za mashine, mtu alipaza sauti: "Madam! Nesma kafa!" Mara ya kwanza aliposikia maneno hayo alitaka kukimbilia nje. Lakini akaenda, akakaa, akatafuta kosa, akaianzisha kazi upya, na mtu yule yule akaita tena: "Haya, kafufuka!" Tangu hapo Ulfat hakuwahi kukasirikia simu ya kuitwa kazini. Alimfufua Nesma mara nyingi kiasi cha kutohesabika, na kila mara alirudi nyumbani miguu ikiwa myepesi.

"Madam?" Ihab alisema. "Kuna tatizo?"

"Hapana. Narudi ukurasa wa nyuma, nihakikishe kitu."

Alirudi. Akasoma upya jibu ambalo halikuwa na kosa. Akaenda mbele, na NESMA ikamngoja pale pale. Akarudi tena nyuma.

"Mama Mkwe kamtisha Madam," Shauki alimwambia mhandisi. "Bashmuhandisi, tumpe muda, bibi harusi ana aibu."

Ammi Gabala, mwendesha mitambo mkongwe ambaye wote walimwita ami kwa heshima, alikuwa amesimama kando na birika la chai. Alikuwa mtu wa Asiyuti, kule kusini, mzito wa maneno. Alimwekea Ulfat glasi karibu na mkono, sukari imekwisha kukorogwa. Kisha akamgeukia Ihab.

"Bashmuhandisi, njoo nikuoneshe kitu huku nje."

Walitoka wawili. Kupitia ukuta wa kioo Ulfat aliwaona ukumbini. Gabala alikuwa ameinama kidogo akizungumza, kofia yake ya sufu mkononi. Ihab alisikiliza, halafu akafunika mdomo kwa kiganja. Hapo Ulfat akafahamu kwamba Gabala alijua jina lile ni la nani, na akakumbuka. Siku ya mazishi, miongoni mwa wanaume waliobeba jeneza dogo lile, nyuma kabisa alikuwamo mtu mrefu aliyevaa koti la kazi. Ulfat hakumwona uso, akadhani ni mpita njia; kumbe alikuwa Gabala.

Akakumbuka na jingine. Wote walisema "Nesma kafa." Gabala, miaka yote hiyo, hakulisema hata siku moja. Alikuwa akija mlangoni na kusema taratibu, "Nesma kalala kidogo, Madam. Njoo umwamshe." Naye Ulfat alidhani ni namna wanavyosema watu wa huko kwao.

Mlango ulifunguka. Ihab alikuja na uso mwingine kabisa.

"Madam Ulfat," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Tuache jina kama lilivyo. Nitazungumza na Kairo. Nitawaambia... nitapata la kuwaambia."

"Agizo je?"

"Agizo ni karatasi. Nisamehe, wallahi sikujua."

Shauki alimtazama Ihab, akamtazama Gabala, akamtazama Ulfat. Hakuwa mjinga. Macho yake yakaenda kwenye skrini, kwenye zile herufi tano, na Ulfat akaona anaanza kuhesabu ndani kwa ndani yote aliyowahi kuyapaza katika chumba kile. Rangi ikamtoka.

"Nesm..." alianza, akakatisha. "Yaani, mfumo... mfumo uko tayari, Madam, ukitaka kuendelea."

Hapakuwa na mzaha. Watu watatu walisimama mikono mbele kama wamekuja kutoa pole, na walikuwa wamekuja kutoa pole kweli, na kila mmoja alimtakia mema. Ulfat aliwaona walivyo wema, akawapenda, na wakati huo huo akajua kwamba limekwisha. Jina lingebaki kwenye mashine, lakini hakuna ambaye angeliita tena. Wangelinyatia. Wangesema "mfumo", wangesema "kile kitu". Jumapili, kazi zikifunguliwa, Shauki angewanong'oneza wenzake, na wote wangelitaja kama linavyotajwa jina la maiti, macho chini. Humu ndani Nesma alikuwa amekula, amelala, amegoma na kutukanwa, na mambo hayo hufanyiwa mtoto aliye hai.

"Kaeni chini jamani, mnanizibia mwanga," alisema.

"Madam, tuliache," Gabala alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilitaka kusaidia."

"Umenisaidia miaka mingi, Ammi Gabala. Leo ndiyo nimejua." Akamshika mkono, ule mkono mkavu wa kubebea kanda, akaubana. "Mungu akupe afya."

Mzee akaichukua glasi iliyopoa, akammiminia chai nyingine.

Ulfat akageukia skrini. Alianza kufuta kutoka mwisho, herufi moja moja, A, M, S, E, na N ilipobaki peke yake alisimama akaitazama. Kisha akaifuta nayo. Nafasi ikawa tupu, alama ikiwakawaka. Akaandika ALX1.

Mama Mkwe hakuridhika mara moja. Akauliza: jina la mafaili yote litabadilishwa, una hakika?

Ulfat akajibu ndiyo.

Akauliza tena, kama ilivyo kawaida yake kwa mambo yasiyorudishika.

Ndiyo.

Majina yakaanza kupita kwenye skrini, mstari kwa mstari, la zamani kushoto, jipya kulia, maelfu na maelfu. Ulfat alikaa akayatazama mpaka yakaisha. Ihab alivua koti lake akamwekea mabegani, ingawa Ulfat alikuwa amevaa lake.

Jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Muharram Bek, viatu vimelowa. Rifaat alikuwa jikoni anapika supu ya adesi, kama alivyopika kila siku ya mvua tangu astaafu ualimu. Alimpokea mwavuli, akamwekea kiti karibu na jiko apate joto.

"Umechoka," alisema. "Imekwenda vizuri?"

"Imekwenda." Ulfat alivua viatu. Hakuwa amekusudia kusema lolote. "Leo nimefuta jina la Nesma."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Ulfat alingoja aone mumewe akiinuka na kuondoka kama siku zote, lakini Rifaat alikuwa tayari amesimama, na hakwenda popote. Alizima moto, ingawa adesi haikuwa imeiva.

"Lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kazini. Kwenye mashine. Niliyaandikia mafaili jina lake, na watu walikuwa wakiliita."

"Nani?"

"Wote. Hawakujua ni nani. Waliliita tu."

"Wakisemaje?"

Ulfat alisogeza viatu karibu na jiko. "Nesma kaamka. Nesma kashiba. Nesma mvivu leo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Rifaat alikuwa amempa mgongo, mikono yote miwili juu ya ukingo wa jiko.

"Na ulikuwa ukilisikia peke yako," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira Ulfat angejua la kujibu. Angemkumbusha jinsi alivyokuwa akiondoka mezani, na picha zile juu ya kabati. Lakini alimwona mabega, yalivyokuwa madogo ndani ya fulana ya sufu, na akatambua kwamba miaka yote aliyomnyamazia kwa huruma, hakuwahi hata mara moja kumuuliza kama bado anataka kunyamaziwa.

"Nisamehe, Rifaat."

Alitikisa kichwa, na Ulfat hakujua kama ni kukubali au kukataa. Ulfat alivuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake, na mumewe akaja akaketi. Ulfat akaanza kumsimulia tangu mwanzo, tangu ile kanda ya kwanza na lile swali la jina. Rifaat alisikiliza uso ameufunika kwa kitambaa cha jikoni, wala hakumkatiza.