Jicho la Pili la Motoni

Chemchemi ya maji ya moto iliyo nyuma ya kijiji chetu, upande wa Serengeti, tunaiita Motoni. Katekista wetu alipohamia hapa kutoka Tarime mjini, alipata shida kuzoea kusikia waumini wake wakiagana: "Mimi natangulia Motoni, utanikuta." Siku hizi naye huenda, kwa ajili ya mgongo wake.

Niliolewa katika kijiji hiki nilipomaliza chuo cha utalii. Kwetu Wakurya, mke na baba mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Kwangu mila hiyo haikuwa mzigo, maana mimi huona haya hata mbele ya watu wasio wakwe zangu.

Lakini nilikuwa na ndoto. Niliwaona watalii wakitoka hifadhini wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wakipita kwetu bila kusimama. Nikafikiri: hawa wangeoga Motoni, wakakandwa, wakala, wakalala hapa, kijiji kingepata kazi. Nikaandika mpango. Bwana Lukmani, mfanyabiashara wa Mugumu mwenye nyumba ya wageni, akausoma akaupenda. Yeye angejenga, kijiji kingetoa ardhi na kuwa mbia wake. Maji yakapimwa, yakaonekana hayana madhara. Kilichobaki ni mkutano wa kijiji, unaofanyika uwanja wa shule, kukubali.

Haukukubali. Mchoro wa kwanza wa Bwana Lukmani ulikuwa na bwawa moja kubwa, kama la hoteli. Baba mkwe wangu, Mzee Kisyeri, alisimama akaegemea fimbo. Magoti yamemsumbua miaka mingi, lakini sauti yake haijawahi kuugua.

"Mwenyekiti, yaani mimi nivue nguo, niingie humu. Kisha mke wa mwanangu naye aingie humu humu? Mura, ninyi vijana mnataka nife kwa aibu?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuukubali mchoro.

Bwana Lukmani akaenda kuchora upya. Katika mkutano wa pili alifika akitabasamu. "Sasa mabwawa ni mawili, wazee wangu. La juu wanaume, la chini wanawake. Katikati ukuta wa matofali. Hata panya hachungulii."

"Na maji ya wanawake yanatoka wapi?" akauliza baba mkwe.

"Yanateremka kutoka bwawa la juu."

"Yaani kutoka kwangu." Mzee akatikisa kichwa. "Ukuta unazuia macho, mura. Maji je, umeyafunga kitambaa?"

"Basi wanawake wakae juu!" kijana mmoja akasema.

"Ili sisi tuoge masalio yao? Kaa chini."

Bwana Lukmani akaukunja mchoro wake taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimechora mara mbili, wazee wangu. Kule Nyamongo, kwenye mgodi, kuna kiwanja kinanisubiri, nijenge vyumba vya kupangisha. Mkikataa leo, mtaji wangu unakwenda huko. Sina ugomvi na mtu."

Mwenyekiti wetu, Zablon, akatazama huku na huku. "Kuna mwenye neno kabla hatujapiga kura?"

Nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na wanawake, mwanangu akiwa mapajani. Nikamtazama Mama Nyangi, kiongozi wa kikundi chetu cha wanawake. Alikuwa anatazama chini. Wanawake wote walikuwa wanatazama chini. Tulijua jambo ambalo hakuna mwanamume mkutanoni aliyelijua.

Motoni kuna jicho la pili, yaani mahali pengine maji ya moto yanapobubujika. Liko nyuma ya miamba myeusi, ndani ya matete, na maji yake ni ya upole zaidi. Huko ndiko mzazi hupelekwa baada ya kujifungua, akaogeshwa na kukandwa pamoja na kichanga chake. Mwanamume akiwaona wanawake wakielekea huko hubadilisha njia. Hata mpima ardhi wa Bwana Lukmani alirudishwa na bibi wawili wenye mizigo ya kuni kichwani, akaandika tu kwenye ramani yake: miamba. Nasi hatupataji mahali hapo mbele ya wanaume, sembuse mbele ya wakwe.

Niliiona ndoto yangu ikipanda gari kwenda Nyamongo.

Nikampa Mama Nyangi mtoto, nikasimama. "Mwenyekiti," nikasema, lakini sauti haikutoka. "Mwenyekiti!"

Baba mkwe akageuza uso mara moja, kama mila inavyotaka. Mimi sikujua niyaweke wapi macho yangu. Kila nilipotazama palikuwa na mkwe, au rafiki wa mkwe. Basi nikaupa mkutano wote mgongo, nikautazama mlima ulio nyuma yetu.

"Huyu anasema na nani?" mtu akauliza.

"Na mlima!" mwingine akajibu, na watu wakaangua kicheko.

"Mwacheni," akasema Mama Nyangi. "Mlima unasikia kuliko ninyi."

"Motoni kuna jicho la pili," nikauambia mlima. Kicheko kikakatika. "Ni la wanawake. Liko nyuma ya miamba myeusi. Maji yake yanashukia korongo la upande wa pili, hayakutani kabisa na maji ya jicho la kwanza. Tangu zamani hakuna aliyeoga maji ya mkwe wake, na hatatokea. Wanaume wajengewe kwao, sisi tujengewe kwetu. Na siku akija mzazi na kichanga, wageni wasubiri."

Nikasikia fimbo ikigonga ardhi.

"Mwenyekiti," akasema baba mkwe, "muulize huyo anayesema na mlima: jicho hilo lipo kweli, au ni habari za chuoni?"

"Elieth," Zablon akaanza, "mzee anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mzee kwamba mjukuu wake aliogeshwa huko."

"Mjukuu peke yake?" Mama Nyangi alikuwa amesimama, mwanangu begani. "Mwenyekiti, mwambie Kisyeri kwamba hata yeye alioga huko! Mama yangu ndiye aliyemshika miguu. Alisimulia mpaka anakufa, kwamba hajaona mtoto mwenye kelele kama huyu. Nani hapa hakuogeshwa jicho la pili? Anyooshe mkono!"

Hakuna mkono ulionyooshwa. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu: baba mkwe anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Kumbe nimeshaoga," akasema, "na sikufa kwa aibu! Lukmani, mura, chora tena."

Kura ilipopigwa, nilikuwa bado nautazama mlima. Mama Nyangi akanishika mabega akanigeuza, nikaona mikono imejaa hewani hadi kwa waliokaa juu ya ukuta wa shule.

Tumefungua msimu huu wa kiangazi. Gari la kwanza la watalii lilifika likiwa jeupe kwa vumbi, na Mama Nyangi na wenzake, wamevaa sare mpya, wakawapokea wanawake na kuwapeleka nyuma ya miamba myeusi. Mikono ile iliyokanda wazazi wa kijiji sasa ilikanda mabega ya mama mmoja kutoka mbali, naye akasinzia huku anatabasamu.

Nilikuwa namfunika taulo niliposikia sauti ikitokea ng'ambo ya miamba, kwenye bwawa la wanaume.

"Mama Nyangi!"

"Unasemaje, Kisyeri?"

"Mwambie huyo anayesema na mlima kwamba magoti yangu yanamshukuru."

Mama Nyangi akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. "Nimjibu nini?"

"Mjibu," nikasema, na sauti yangu safari hii ilitoka yote, ikagonga miamba, "karibu Motoni, mzee!"