Maji Ndani ya Oili

Munir hakuwa na gari, lakini mkwewe, Mzee Ubwa, alikuwa nalo, na alikuwa mtu asiyejua kumnyima mtu kitu. Marafiki aliosoma nao Munir walipovuka bahari kutoka Dar es Salaam kuja kutembea, alikwenda Kiembe Samaki kuomba ufunguo. Mzee alimpa hata bila ya kumuuliza anakwenda wapi.

Wakirudi kutoka matembezini Fumba, mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Munir aliuona. Lakini wenziwe walikuwa wakilisifu gari, na yeye alikuwa ameshawaacha waamini kuwa ni lake. Kusimama kando ya njia na kufungua boneti mbele yao aliona ni kujifedhehesha. Akaongeza sauti ya redio, akenda vivyo hivyo mpaka mvuke ukaanza kufuka mbele. Hapo hakuwa na la kufanya tena. Alisimama, akaomba maji nyumba ya jirani, akangoja, akajaza rejeta, huku akiwachekesha wageni wasije wakauliza kitu.

Jioni alilirudisha gari limeoshwa, linang'aa.

"Halikukusumbua?" aliuliza Mzee Ubwa.

"Hata kidogo, Baba. Halina neno."

Alfajiri yake simu ilitoka Mkokotoni. Bi Mwanakheir, dada yake Mzee Ubwa, amefariki, na maziko ni asubuhi ile ile. Mzee alivaa kanzu akatoka peke yake. Alipopita Mahonda gari lilianza kutoa moshi mweupe kwa nyuma, likakohoa, likazima. Akangoja lipoe, akatia maji, likawaka. Halikwenda mbali likazima tena. Mpaka alipokubali kuliacha na kuomba lifti, wakati ulikuwa umemtupa mkono. Aliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, miguu yao imejaa mchanga.

Gari lilivutwa hadi Kiembe Samaki kwa fundi Abrahman. Munir naye alifika, maana mkwe hawezi kukosekana kwenye jambo kama lile. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza wakakiona. Chini yake pameganda uji mzito, rangi ya chai ya maziwa.

"Maji ya rejeta yameingia kwenye oili," alisema. "Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imeungua. Na hii haiungui vivi hivi, gari lilipata moto likaendeshwa nao. Mzee, hukuuona mshale?"

Mzee Ubwa alikisogeza kile kifuniko karibu na macho.

"Labda sikuuona. Macho yangu siku hizi si mazuri, na njia nzima nlikuwa nnamfikiria dada yangu. Itakuwa ni mimi."

Munir alikuwa amesimama pale pale, amelishikilia boneti. Neno lilimjia mpaka ncha ya ulimi, akalimeza. Akajisikia akisema, "Pole, Baba, hutokea," na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Gari lilitengenezwa. Hedi ilikwenda kusawazishwa, oili iliyochanganyika na maji ikamwagwa, injini ikasafishwa, likatiwa gasketi mpya. Lakini mwenyewe hakulifuata. Usiku mmoja wakila, Tahiya, mkewe Munir, alisema, "Baba hataki kuendesha tena. Anasema asiyeuona mshale kesho hatamuona mtoto wa mtu anayekata njia." Kisha akaongeza, polepole zaidi, "Na kule Mkokotoni wanasema hakutaka kumzika dada yake, kwa ule ugomvi wao wa zamani wa kugombea shamba. Yamemfika, naye hajibu."

Munir alilirudisha tonge sahanini. Alimwambia mkewe kila kitu pale pale, bila ya kumtazama. Tahiya hakupiga kelele. Alikusanya vyombo akenda zake ndani, na Munir akatamani angalau angemtukana.

Siku ya pili baada ya sala ya alasiri alimkuta Mzee barazani kwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Lile "mwanangu" lilimchoma. Akasema yote: wageni, mshale, mvuke, maji ya kuomba, na kwamba gari aliliosha ili lisioneshe kitu.

Mzee Ubwa aliivua kofia yake, akaiweka mapajani.

"Nlikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, Baba. Nkakudanganya."

"Ungenambia, ningekwenda na gari la watu tangu alfajiri. Ningemtia dada yangu mchanga kwa mkono wangu. Yule ndiye aliyenilea."

Kuomba radhi Munir aliomba, lakini maneno yalitoka madogo.

"Radhi nshakupa," alisema Mzee. "Lakini usikae hapa kunililia mimi. Wako wanaosema nlimtupa dada yangu. Nenda kawaambie hao."

Alikwenda. Mkokotoni alimkuta Badria, binti wa marehemu, uani na wanawake wenziwe, wanachambua mchele wa hitima. Walimkaribisha vizuri, wakamletea maji ya kunywa. Munir aliomba kusema mbele ya wote, na akasema, kijasho kinamtoka shingoni. Mikono ya wanawake ilisimama juu ya nyungo. Alipofika pale alipowaacha rafiki zake waamini kuwa gari ni lake, mmoja aliguna kidogo, akageuza uso.

Badria alifuta mikono kwa kanga, akachukua simu.

"Shikamoo, mjomba," alisema, na sauti ikamkatika. "Mjomba, sisi tulikudhania vibaya."

Aliingia ndani na simu yake. Wanawake wakarudi kwenye mchele wao, wakampa Munir mgongo. Alibaki kwenye kiti, gilasi mkononi, hajui kama anywe yale maji au aage aondoke.