Agatutu Nyumbani kwa Odette

Fundi wa kuezeka nyumba yangu ya mtaa wa Jabe nilimchagua kwa kikombe cha pombe. Wanaocheka waendelee kucheka. Mimi sijalowa kitandani tena.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Wazungu wengi walikuwa wameondoka, na kila aliyewahi kuwashikia ngazi aliamka asubuhi amekuwa antreprenere, yaani mkandarasi. Paa langu lilikuwa la mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, tena kutu ilikuwa imelitoboa kila mahali. Mtoto wa kwanza wa binti yangu Léocadie aliugua kifua chini ya paa hilo, katika kitanda kisichokauka, tukamzika kabla hajaota meno. Sasa Léocadie alikuwa na mimba ya pili, miezi minane. Nilitaka mabati mapya juu yake kabla ya mtoto, na mvua za Oktoba zilikuwa njiani pamoja naye.

Watu wakanielekeza kwa Hyacinthe. Alifika na viatu vinavyong'aa, kalamu tatu mfukoni, na mkoba ambao hakuufungua. Juu hakupanda. Alisimama uani, akalitazama paa langu kama mtu anavyotazama sahani iliyolambwa na mbwa, akasema yeye ameezeka majumba ya upande wa ziwa, na kwamba hapa mtaani kazi yake nzuri kuliko zote ni nyumba ya Odette, muuza vitenge wa sokoni. Nikamwuliza misumari ataipiga sehemu gani ya bati.

"Mama Léocadie, misumari ni ya wafanyakazi," akasema. "Mi niko antreprenere. We tafuta tu agatutu."

Kwetu mapatano hayafungwi kwa mdomo mkavu. Mwenye kazi huleta pombe, wote wawili wanakunywa, hiyo ndiyo agatutu. Mkishakunywa, kumwacha mwenzako ni aibu kubwa. Hyacinthe alilijua jambo hilo kuliko alivyojua mabati, na nyumba nyingi alizipata kwa kuharakisha kikombe.

Nikamjibu kwamba agatutu yangu tutainywea kwa Odette, ndani ya kazi yake hiyo nzuri, nami nitamwita siku ikifika. Alifurahi. Alidhani namtukuza.

Nikangoja siku tisa. Jumamosi moja mchana mawingu yakashuka kutoka milimani, nikamtumia salamu aje, nikajitwika kibuyu cha pombe ya ndizi. Njiani nikakutana na Mirindi, Mkongomani aliyeezeka majiko na mabanda ya kuku, mtu mpole mwenye koti lililochanika. Hakuniuliza naenda wapi. Alikichukua kibuyu kichwani pangu kwa sababu matone yalikuwa yameanza, akanifikisha kwa Odette, nami nikamwambia aingie ajikinge.

Odette, maskini, alikuwa amekihamisha kitanda chake mara tatu tangu aezekewe, na kwa aibu hakumwambia mtu. Alituketisha kwenye kona kavu. Yeye akakaa palipovuja, sufuria magotini, akitabasamu kama kwamba hakuna kitu.

Hyacinthe aliingia mbio, mkoba kichwani. Ndiyo kazi ya kwanza niliyouona mkoba ule ukifanya. Kona ilikuwa imejaa, akavuta kigoda katikati ya chumba, nikammiminia. Kabla hajaonja, tone likaanguka ndani ya kikombe. Akasogea. Tone likaanguka tena. Akafunika kikombe kwa kofia, akaanza kulaumu upepo, halafu kiwanda cha mabati, halafu mbao.

"Musiyo, hapo ulipohamia ndipo panavuja zaidi," Odette akamwambia kwa upole.

Mirindi aliomba ruhusa, akapanda juu ya benchi, akapapasa bati kwa kidole. Misumari yote ilipigwa mabondeni mwa bati, palepale maji yanapopita, kwa kuwa huko bati linagusa mbao na msumari unaingia bila taabu. Inatakiwa ipigwe mgongoni, akaeleza, na chini ya kichwa cha kila msumari kuwe na kipande cha mpira. Vipande hivyo alikuwa navyo mfukoni, alivikata katika tairi bovu. Mvua ilipopungua alipanda nje, akaziba matundu yaliyokuwa juu ya kitanda cha Odette. Hakuomba chochote.

"Huyu ni mutu wa kupanda-panda tu," Hyacinthe akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na paa liko juu."

Kikombe changu nilikuwa sijakigusa, kwa hiyo hakuna kilichofungwa. Nikakimwaga chake mlangoni. Mirindi aliposhuka, amelowa mpaka kwenye mifupa, nikamnyooshea kikombe kipya.

"Apana, Mama," akasema. "Kwanza mvua ikute nyumba yako."

Aliezeka kwa siku sita, mwenyewe juu, akiimba chinichini. Léocadie alijifungua msichana wiki iliyofuata, na mvua kubwa ikaja siku ya tatu, ikipiga mabati hadi tukawa tunasemezana kwa mikono. Mirindi alikuja katikati ya mvua hiyo. Hakusalimia hata mtoto. Alikishika kitanda huku na huku, akapitisha kiganja juu ya shuka, akakitazama kiganja.

Kilikuwa kikavu. Ndipo akaketi, tukanywa.

Hyacinthe bado anapita mtaani na mkoba wake. Mvua ikianza, anajikinga kwangu.