Rangi ya Nyumba ya Bi Opal

Mdogo wangu Darla Tackett na mumewe Royce walikuwa wameishi miaka tisa kwenye nyumba ya trela, katika kiwanja cha kupanga, hapa hapa kwetu Kentucky. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi kwamba binti yao Josie alijua mahali pa kuruka.

Mwaka juzi, Septemba, Bi Opal Stamper aliamua kuuza nyumba yake ya mbao iliyo juu ya kilima. Alikuwa na miaka themanini na moja, anaishi peke yake. Bei yake iliwezekana kwa ule mkopo wenye dhamana ya serikali wanaopewa watu wa kaunti za mashambani, usiodai utangulize hata senti. Darla akaomba, benki ikamkubalia. Alinipigia simu. Nilimsikia akivuta kamasi tu.

Kisha akaja mthamini wa nyumba, katumwa na benki. Akazunguka nyumba, akaandika: rangi ya nje inabanduka na ni ya zamani, ina sumu, ngazi za mbele hazina kishikio, maji ya kisima yapimwe. Yasiporekebishwa hayo, mkopo hautoki.

"Mimi wa kukwangua rangi?" Bi Opal akasema. "Basi nichimbieni kaburi kabisa hapo chini ya dirisha."

"Tutaifanya sisi," Royce akamwambia.

Nilimvuta pembeni. "Shemeji, unakarabati nyumba ya mtu. Mambo yakiharibika je?"

"Shemeji, kama huna brashi, rudi kwako."

Nikaenda na brashi. Wikiendi nne tulikwangua tumevaa barakoa, tukapaka nyeupe. Bi Opal alikaa barazani na blanketi lake, akitukosoa: "Royce, hapo umepaka au ng'ombe kalamba?" Mchana alitupa maharage na mkate wa mahindi. Maji yalifeli mara ya kwanza. Kisima kikatiwa dawa, yakafaulu. Ikabaki muhuri mmoja tu wa ofisi ya serikali.

Wiki hiyo hiyo wakubwa kule Washington wakashindwa kuelewana juu ya bajeti, ofisi za serikali zikafungwa.

"Faili lako liko mezani," mtu wa benki alimwambia Darla. "Tatizo, mezani hakuna mtu."

Mkataba wa kuuziana na Bi Opal ukafika mwisho wake. Bi Opal akauongeza mwezi mmoja. Wiki ya tatu ya mwezi huo akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, na mwanawe Clayton akaja kutoka Ohio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye trela, kofia mkononi.

"Mama hawezi tena kukaa peke yake," akasema. "Na huko kwenye nyumba ya kutunzia wazee wanataka pesa sasa. Kuna bwana anatafuta pa kufikia msimu wa kuwinda. Mkataba wenu ukiisha Alhamisi, Ijumaa analipa taslimu."

"Tumeipaka rangi, Clayton," Darla akasema.

"Najua. Nitawarudishia gharama zote."

"Sitaki hela ya rangi."

Clayton akavaa kofia yake, akaenda zake.

Ofisi zilifunguliwa siku kumi na moja baada ya nyumba kuuzwa. Benki ikawaambia watafute nyingine. Kaunti nzima zilikuwepo tatu za bei yao. Moja paa lilikuwa limebonyea. Moja ukuta umeachana na msingi, mthamini asingeshuka hata kwenye gari. Ya tatu ilishanunuliwa kabla hawajafika. Februari kibali cha mkopo kikaisha muda.

Nilikuwepo jikoni kwao barua ya benki ilipofika. Royce aliisoma mara mbili.

"Tunaweza kuomba upya," akasema.

"Omba wewe," Darla akamjibu, bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Hakuomba. Aprili wakalipia kiwanja mwaka mwingine, na Royce akapigilia kipande cha mbao juu ya sakafu. Tangu hapo, nikianza habari za nyumba, Darla huniuliza kama nitakunywa kahawa.