Kibonge Hayumo Zizini

Tangu asubuhi Nongwa hakutulia. Alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi kitini, akainuka tena. Jina hilo walimbandika kazini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusaka hitilafu kwenye michezo ya video kabla haijauzwa, na akiishika moja haiachii. Saa sita mchana alitakiwa atoe neno la mwisho kuhusu toleo la kumi la Makucha.

Makucha ni mchezo wa kukamata viumbe porini, kuwafuga na kuwapambanisha. Toleo jipya likitoka, unawahamishia humo viumbe wako wa zamani. Miaka ishirini na saba ilikuwa hivyo hivyo, watu wakaanza kupiga miayo. Safari hii mbunifu, mwanamke mcheshi asiyeogopa mtu, aliwapa viumbe kumbukumbu. Kiumbe aliyeazimwa asirudishwe, sasa aliweza kurudi mwenyewe kwa aliyemkamata mwanzo.

Ofisini kila jaribio hufanywa kwa nakala ya kiumbe. Nongwa ndiye aliyeibandika amri hiyo ukutani. Lakini asubuhi ile, kwa haraka zake, alimwingiza Kibonge mwenyewe: mnyama wa kijivu, mviringo kama kitumbua, sikio moja limechanika, anayepiga chafya mvua ikinyesha. Alikuwa amemtoa toleo la kwanza hadi la tisa bila kumwacha nyuma.

Saa nne alifungua zizi. Tupu. Nyasi zimelala pale alipozoea kujikunja.

"Hitilafu!" alipayuka. "Mchezo wako umemla mnyama wangu!"

Mbunifu alikuja na kikombe chake cha chai, akachungulia. "Haujamla. Kaenda kwao. Uliazima kwa nani, bwana mkubwa?"

"Sikuazima."

"Mashine inasema uliazima. Mashine haina sababu ya kukusingizia."

Nongwa akaketi. Alikumbuka vizuri mno. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, dada yake mdogo, aliyemkamata Kibonge, alikuwa na minane. Alimwambia Kibonge anaumwa, chafya ile ni homa, na dawa iko kwenye mashine yake tu. Mtoto wa watu akabonyeza "azima" huku machozi yanamtoka. Kila alipouliza, aliambiwa mgonjwa bado hajapona. Mwishowe akaacha kuuliza, na mambo mengine mengi pia akaacha kumuuliza.

"Ukiandika ni hitilafu," mbunifu alisema, "naiondoa sheria hii leo hii, na mnyama wako anarudi. Andika tu. Ila uandike unachokiamini."

Akaondoka. Nongwa akaandika: "Hitilafu kubwa." Akafuta. Akaandika tena. Akazunguka meza mara mbili. Saa tano na nusu simu ikatetemeka. Dada yake, muuguzi, ambaye humpigia kukiwa na msiba tu.

"Kaka, nimeletewa ujumbe simuni hapa wodini. Eti Kibonge yuko mlangoni, nimfungulie? Ni mchezo gani huu unanichezea?"

"Si mchezo. Yaani, ni mchezo, lakini... Umemfungulia?"

"Nimemfungulia. Humu mchezoni mvua inanyesha, na bado anapiga chafya. Miaka yote hiyo, daktari, ulimtibu nini?"

Nongwa alicheka, kisha akaacha. "Hakuwa anaumwa, dada. Nilikudanganya."

"Nilijua nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nangoja useme."

Nongwa alitazama zizi tupu, kisha saa ya ukutani. Akafuta maneno yake, akaandika: "Sheria ya kurudi inafanya kazi. Hakuna hitilafu." Akabonyeza kabla mkono haujabadili mawazo.

"Naweza kuja kumwona?" aliuliza.

"Jumapili niko nyumbani. Ila mashine yako uiache huko huko kwako."

Simu ikakatika. Nongwa akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Leo ilikuwa Jumanne.